Kikao cha Saba: Saa Ishirini na Nne za Maji

UMOJA WA WAKAZI WA JENGO LA NGAZI MBILI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA (CHA DHARURA)

Tarehe: Jumamosi, 14 Machi
Mahali: Uani, kati ya bomba la pamoja na kamba za nguo
Kuanza: Saa 9:25 alasiri (kilitangazwa saa 9:00)

WALIOHUDHURIA
1. Fundi Saa, ghorofa ya chini – Mwenyekiti
2. Mama Mitungi, muuza gesi – Makamu Mwenyekiti
3. Mchambuzi wa takwimu, ghorofa ya pili, aitwaye pia Dada Takwimu – Mjumbe, na mwakilishi wetu kwa Idara ya Maji
4. Dereva wa lori – Mjumbe
5. Mshonaji, ghorofa ya tatu – Mjumbe
6. Mlinzi wa geti – Mwalikwa
7. Binti wa Mshonaji – Katibu
Pamoja na wakazi wengine kumi na wanne waliokaa kwenye ngazi.

WASIOHUDHURIA KWA TAARIFA
Mweka Hazina (amesafiri).

WASIOHUDHURIA BILA TAARIFA
Kinyozi. Alionekana dirishani kwake akisikiliza.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika. Alisema kwa kuwa leo ni siku ya tatu bomba halijatoa hata tone, kila mtu aseme kwa ufupi asije akakaukwa na koo. Alicheka. Wajumbe hawakucheka.

Dereva aliomba iongezwe ajenda ya ndoo zinazoachwa foleni bila mwenyewe. Mwenyekiti alisema ajenda ya leo ni moja tu. Dereva alisema amezoea.

KUMB. NA. 2/7: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA
Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha mwezi Septemba. Zilithibitishwa bila marekebisho, ikiwemo KUMB. NA. 4/6 inayosema: "Kikao kiliazimia kwamba Mlinzi asimruhusu getini mtu yeyote mwenye fomu, kishikwambi au kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na kwamba wakazi wasiwafungulie milango watu wa aina hiyo, kwani hatujui wanatafuta nini." Mtoa hoja alikuwa Mama Mitungi. Aliyepinga alikuwa Mchambuzi peke yake, na aliomba pingamizi lake liandikwe. Liliandikwa.

KUMB. NA. 3/7: RIPOTI YA MAJI
Mwenyekiti alieleza kwamba Idara ya Maji imebandika orodha ya maeneo yatakayowekewa bomba jipya kabla ya mwaka kwisha, na kwamba jengo letu halimo. Alikwenda kuuliza. Karani wa pale alimwambia orodha imetokana na ripoti ya Ofisi ya Takwimu, akamtolea nakala ya ukurasa mmoja.

Ukurasa huo umeandikwa kwa lugha ya ofisini. Mwenyekiti alimwagiza Katibu, kwa kuwa anasoma shule ya lugha mbili, ausome na kuufasiri kwa sauti. Katibu alianza. Dereva alisema, "Mwanangu, sema kama mtu aliyekula!" Katibu alianza upya.

Jedwali lilihusu wastani wa saa ambazo kaya hupata maji kwa siku. Eneo la 11, saa tano. Eneo la 12, saa tatu. Eneo la 13, saa nne. Eneo la 14, ambalo ni jengo hili lenyewe lenye kaya tisini na sita, saa ishirini na nne.

Kulikuwa na kelele kwenye ngazi kwa takriban dakika tatu.

Mama Mitungi alisema, "Ishirini na nne? Hata mto haufanyi kazi saa zote hizo!" Dereva aliuliza kama ni saa au ni matone. Mwenyekiti alisema ametengeneza saa kwa miaka arobaini na hajawahi kukutana na saa yenye uongo wa kiasi hicho.

Katibu anaandika hapa kwamba ukurasa ule una mistari kumi na tisa, na kwamba alisoma kumi na minane. Wa kumi na tisa uko chini kabisa, kwa herufi ndogo, umeanzia kwenye alama ya nyota. Mwenyekiti aliuliza, "Ndiyo yote?" Katibu alijibu, "Ndiyo yote."

KUMB. NA. 4/7: TUHUMA DHIDI YA MCHAMBUZI
Mama Mitungi alisema kila mtu hapa anajua Mchambuzi anafanya kazi wapi. Alisema, "Huyu tunaishi naye. Ndoo yake naiona kila siku nyuma ya yangu. Halafu akifika ofisini, kwenye kiti cha kuzunguka, anaandika kwamba tunaogelea." Alidai namba hiyo imepikwa ili kuwafurahisha wakubwa.

Mchambuzi hakutaja kwamba Makamu Mwenyekiti ana kinyongo naye tangu KUMB. NA. 5/4, iliyohusu mitungi ya gesi kuwekwa ngazini. Ni Katibu aliyekumbuka, kwa kuwa ndiye aliyeiandika.

Mwenyekiti alimpa Mchambuzi nafasi ya kujieleza. Alisema yeye hatungi namba. Wadadisi huzunguka mitaani wakiuliza maswali, na yeye huletewa majibu yakiwa hayana majina, kila kaya mstari mmoja wa tarakimu. Kazi yake ni kukaa na mistari hiyo hadi aone yanayopingana, kama mtoto wa miaka sita mwenye wajukuu wawili, au nyumba ya vyumba vinne yenye wakazi sifuri. Akishamaliza kusafisha hukokotoa, kisha huandika namba zinasema nini na hazisemi nini. Alisema hiyo ya mwisho ndiyo inayomchosha, kwa sababu ndiyo isiyosomwa.

Aliendelea kueleza kwamba majibu ya Eneo la 14 yalipofika mezani kwake, alimwandikia mkuu wake kwamba anaishi humo, akayakabidhi kwa mwenzake, kama utaratibu unavyotaka.

Mama Mitungi: "Yaani ulituona, ukatutupa kwa jirani."

Mchambuzi: "Ningebaki nayo, leo mngesema nimejipendelea."

Dereva: "Ungejipendelea tu, dada. Tungekuwa tumeoga."

Dereva aliuliza basi ni nani alisema saa ishirini na nne, maana namba haioti yenyewe kama uyoga. Mchambuzi alijibu kwamba siku alipoajiriwa alikula kiapo. Jibu la kaya halisemwi kwa polisi, kwa bosi wala kwa jirani, hata kama kaya hiyo ni ya mama yake mzazi. Alisema, "Ninachoruhusiwa kusema kimeshachapishwa. Usomeni huo ukurasa wote, mpaka chini."

Mwenyekiti alimgeukia Katibu na kumuuliza kama ameusoma wote. Katibu alijibu kwa mara ya pili kwamba ameusoma.

Mchambuzi alimtazama Katibu. Muda haukupimwa, Katibu anakadiria sekunde tano. Kisha akasema, "Basi mimi sina la kuongeza," akakaa juu ya ndoo yake aliyoigeuza.

Mlinzi alihojiwa. Alisema geti lilifungwa kama alivyoagizwa, isipokuwa Jumatano moja ya mwezi wa kumi ambapo alikwenda kwa Kinyozi kuchaji simu kwa dakika mbili. Kinyozi alipaza sauti kutoka dirishani kwamba ilikuwa saa nzima na soda juu. Mwenyekiti alimkumbusha Kinyozi kwamba hayupo.

Mama Mitungi alitoa hoja yenye sehemu mbili:
(a) Mchambuzi aondolewe kwenye uwakilishi wa Umoja.
(b) Iandikwe barua kwa mkuu wa Ofisi ya Takwimu, ikisema kwamba mfanyakazi wake amepika takwimu za jengo analoishi, na kuomba achukuliwe hatua. Barua iandikwe leo leo na Katibu, kwa lugha ya ofisini, wajumbe waisaini kabla hawajatawanyika.

Mchambuzi aliulizwa kama ana neno. Alisema barua kama hiyo ikifika, atasimamishwa kazi siku hiyo hiyo mpaka uchunguzi uishe, na kwamba uchunguzi wa mwisho anaoujua yeye ulichukua miezi kumi na minne. Hakuomba. Alisema tu, "Andikeni. Ila mkiandika, andikeni kweli."

Mshonaji, ambaye ni mama mzazi wa Katibu, alisema barua haitakuwa shida kwa sababu binti yake ana mwandiko mzuri na lugha anayo, na ndiyo maana yeye anashona mpaka macho yanauma. Wakazi wa kwenye ngazi walimpongeza.

Hoja iliungwa mkono na Dereva. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa kumi na minane. Mchambuzi hakunyoosha, na Katibu na Mlinzi hawapigi kura.

Katibu alichukua karatasi safi. Aliandika anwani. Aliandika tarehe. Aliandika "Mheshimiwa". Inafaa iandikwe hapa kwamba neno la lugha ya ofisini lenye maana ya wastani, pamoja na namna ya kuchora jedwali lisilodanganya, Katibu alifundishwa na Mchambuzi, kwenye ngazi hizi hizi, jioni nyingi, bila malipo na bila kupandishiwa sauti hata mara moja.

KUMB. NA. 5/7: MENGINEYO
Katibu aliomba nafasi ya kusema. Ilikuwa mara yake ya kwanza katika vikao saba. Mwenyekiti alidhani anaomba kwenda chooni, akamwambia aende tu, mwanangu, asijibane.

Katibu alisema si hivyo. Alisema kuna mstari hakuusoma. Aliusoma: "Nyota: Takwimu ya Eneo la 14 imetokana na kaya moja iliyojibu kati ya kumi na mbili zilizochaguliwa. Itumike kwa uangalifu mkubwa."

Dereva aliuliza, "Kaya moja? Ipi hiyo?"

Katibu alijibu, "Ya kwetu."

Kwa kuwa Katibu ndiye aliyekuwa akisema, hakukuwa na mtu wa kuandika. Maelezo yafuatayo yameandikwa baadaye, kwa kumbukumbu ya msemaji mwenyewe, na pale ambapo mwandiko umeyumba anaomba radhi.

Katibu alieleza kwamba Jumatano hiyo ya mwezi wa kumi alirudi kutoka shule akakuta geti limeegeshwa. Mdadisi, msichana mwenye kishikwambi, aliingia nyuma yake. Kufika ghorofa ya tatu alikuwa ameshafukuzwa kwenye milango mingi na viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Aliomba maji ya kunywa. Katibu alimpa yaliyokuwepo, ambayo ndiyo yaliyobaki.

Mdadisi aliona sweta ya shule. Alisema, "Kumbe unasoma pale! Mdogo wangu yupo kidato chenu," akamtaja. Ni yule anayekaa dawati la mbele ya Katibu, na ndiye aliyewahi kuuliza darasani, bila ubaya wowote, kama kuna watu bado wanaishi bila bomba ndani. Siku ile Katibu alicheka pamoja na wengine. Shuleni hakuna anayejua kwamba sweta hiyo inafuliwa kwa maji ya foleni.

Kwa hiyo mdadisi alipouliza maji yanatoka saa ngapi kwa siku, Katibu alisema ishirini na nne. Mdadisi aliuliza, "Una uhakika?" Katibu alisema, "Bomba letu liko ndani." Alisema pia kwamba kuna friji, na kwamba ana chumba chake cha kujisomea. Alipoulizwa umri, kwa kuwa hawaruhusiwi kumhoji mtoto, alisema kumi na minane. Ilikuwa bado hajatimiza kumi na sita. Katika majibu yote ya siku ile, la kweli lilikuwa idadi ya watu: wawili.

Katibu alimalizia kwa kusema kwamba leo alipouona mstari wa nyota aliuelewa mara moja, na akauruka, na aliulizwa mara mbili, na mara zote mbili alimwacha Anti, ndivyo amwitavyo Mchambuzi, asulubiwe mbele yake. Mwenyekiti alisema neno hilo ni kali kidogo. Katibu alisema liandikwe hivyo hivyo.

Mshonaji alisema, "Mwanangu. Friji?"

Mama Mitungi alianza kusema kwamba mtoto mmoja hawezi kulinyima maji jengo zima, na kwamba hao wengine kumi na mmoja je? Mwenyekiti alisema hilo ndilo swali, na akaomba wanyooshe mikono wale ambao mdadisi aliwagongea. Hakuna aliyenyoosha. Mwenyekiti alinyoosha wake. Dereva alinyoosha, akakiri kwamba alipunguza sauti ya televisheni na kulala chini nyuma ya kochi, na urefu wake huu. Ilinyooshwa mingine minane kwenye ngazi.

Mwisho kabisa Mama Mitungi alinyoosha wake. Alisema yeye hakujificha, alimjibu mdadisi vizuri tu kupitia mlangoni.

Mwenyekiti: "Ulimjibuje?"

Mama Mitungi: "Nilimwambia hakuna mtu."

Wajumbe walicheka, na Kinyozi pia, ambaye hayupo. Mama Mitungi alisema ni KUMB. NA. 4/6 iliyomfanya aseme hivyo. Alikumbushwa mtoa hoja alikuwa nani.

Mchambuzi aliombwa athibitishe. Alisema hathibitishi wala hakanushi kaya hiyo ni ya nani. Mwenye jibu ndiye mwenye ruhusa ya kulitaja, na kama ametaja, ametaja yeye. Alieleza tu yale ya ofisini: kwamba mwenzake alishauri mahali pa Eneo la 14 pawekwe kistari badala ya namba, kwani kaya moja haiwezi kubeba tisini na sita, mkuu wao akaamua namba ibaki na iwekewe nyota, na Idara ya Maji walipotengeneza orodha yao walinakili namba wakaziacha nyota. Alisema yapo maeneo ambayo hurudiwa kuhojiwa, iwapo wakazi wataomba kwa maandishi na wakifungua milango.

Katibu alimwambia, "Anti, nisamehe."

Mchambuzi alisema, "Ulipoulizwa kama ndiyo yote, nilikungoja." Kisha akasema atamsamehe, ila si leo. Katibu aliona ni haki.

Baada ya majadiliano kikao kiliazimia yafuatayo:
(i) Hoja ya Mama Mitungi imeondolewa na mtoa hoja mwenyewe, kwa shingo upande. Barua iliyoanzwa imechanwa.
(ii) KUMB. NA. 4/6 imefutwa. Mlinzi afungue geti kwa wadadisi, na simu aichaji kabla hajaingia zamu.
(iii) Katibu aandike barua nyingine kwa Ofisi ya Takwimu na Idara ya Maji, kuomba jengo lihojiwe upya. Sababu itajwe bila kuzungukazunguka: mmoja wetu alijibu uongo na wengine hatukujibu kabisa. Mchambuzi hataisoma barua hiyo wala kuisahihisha, kwa sababu ni mfanyakazi wa huko.
(iv) Litundikwe daftari kando ya bomba, kuandika maji yanapoanza na yanapokatika kila siku. Mwenyekiti atatoa saa ya ukutani. Mchambuzi alishauri siku ambayo hayakutoka nayo iandikwe, iwekwe sifuri, maana watu wengi huacha nafasi wazi na baadaye hakuna anayejua kama maji hayakutoka au mwandishi alilala. Mwandishi: Katibu.

Mwenyekiti alipendekeza kwamba maelezo ya Katibu yasiingizwe kwenye kumbukumbu, kwani ni mtoto na ana maisha mbele yake. Mshonaji aliafiki haraka. Mchambuzi alisema hilo ni la mwenye maelezo. Katibu alisema yaingizwe. Mshonaji aliomba basi angalau friji iondolewe. Ombi halikukubaliwa.

KUMB. NA. 6/7: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alikuwa akiwashukuru wajumbe kwa uvumilivu wao pale bomba lilipokohoa mara mbili na kuanza kutoa maji ya rangi ya chai. Wajumbe waliinuka bila kuruhusiwa. Mchambuzi alichelewa kidogo kuinuka kwa kuwa ndoo yake ndiyo aliyokuwa ameikalia. Mama Mitungi, aliyekuwa wa pili kwenye foleni, alimpisha mbele yake.

Mwenyekiti alitangaza kwamba kikao kimefungwa, saa 11:12 jioni. Hakuna aliyemsikia isipokuwa Katibu.

Imesainiwa: ………………………
Fundi Saa, Mwenyekiti (wino umechuruzika, alisaini kwa mkono uliolowa)

Imesainiwa: ………………………
Binti wa Mshonaji, Katibu

KIAMBATISHO: DAFTARI LA MAJI, UKURASA WA KWANZA
12 Machi: sifuri.
13 Machi: sifuri.
14 Machi: yalianza saa 11:12 jioni, yalikatika saa 11:49. Dakika thelathini na saba. Waliobaki na ndoo tupu: tisa, pamoja na mwandishi.